Kijiti mkononi mwako, uamuzi wa nani?

Vijiti vya uzazi wa mpango wengi wetu tunavijua. Lakini mwanamke akitaka vitolewe kabla ya muda, nani anaamua?

Maswali ya namna hii Dorothy Roberts, profesa wa sheria nchini Marekani, ameyafanyia kazi kwa zaidi ya miaka 30.

Roberts, aliyezaliwa Chicago mwaka 1956 na mama Mjamaika, alisomea sheria Harvard. Mwaka 1991 aliandika kuhusu wajawazito walioshitakiwa kwa kutumia dawa za kulevya, wengi wao weusi na maskini. Katika hospitali moja ya Charleston, South Carolina, wajawazito walipimwa mkojo bila ridhaa yao na majibu yakapelekwa polisi. Wapo waliotolewa wodini na pingu, wametoka kujifungua. Roberts alihoji: mama huyu angetoa mimba asingeshitakiwa, sasa anaadhibiwa kwa lipi kama si kwa kuzaa? Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa upimaji ule ulikiuka Katiba.

Kitabu chake cha 1997, Killing the Black Body, ndicho kinachogusa kliniki zetu. Anaeleza habari za Norplant, vijiti sita vya kuzuia mimba kwa miaka mitano, vilivyoruhusiwa Marekani Desemba 1990. Siku chache baadaye gazeti moja la Philadelphia lilipendekeza vitumike kupunguza umaskini wa weusi, kisha likaomba radhi. Januari 1991 jaji wa California alimwamuru mama aliyepatikana na hatia ya kupiga wanawe awekewe. Na wanawake maskini waliowekewa kwa gharama ya serikali walihangaika kutolewa. Wakilalamika damu haikatiki, wanaambiwa wavumilie.

Hilo la kuvumilia nimelisikia hapahapa nyumbani, kwa wanawake ninaowahoji.

Roberts hapingi uzazi wa mpango. Anachodai ni kwamba haki ya kutozaa haijakamilika bila haki ya kuzaa. Leo anafundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 2024 alipata tuzo ya MacArthur.

Wewe unayekwenda kuwekewa wiki hii, muulize muuguzi mapema: nikitaka kutoa, nije siku gani, na nitalipa kiasi gani?