Wanatafuta Chembe Nzito Chini ya Ardhi



Mwezi uliopita mwanafunzi wa darasa la saba alitujia na swali: "Eti kuna watu wanachimba shimo la kilometa 91 kutafuta kitu kisichoonekana?" Tulicheka, kisha tukaenda kusoma. Kumbe ni kweli, ila shimo lenyewe bado halijachimbwa.

Ni karibu na Geneva, mji wa Uswisi ambao sisi tunaujua kwa ofisi kuu ya UNHCR. Hapo mpakani na Ufaransa kuna kituo cha CERN, kilichoanzishwa mwaka 1954 na nchi 12 za Ulaya, ambazo baadhi zilikuwa zikipigana vita miaka 9 tu kabla. Chini ya ardhi, mita 100 hivi, wana njia ya duara ya kilometa 27. Humo chembe ziitwazo protoni hukimbizwa pande mbili, halafu zinagonganishwa.

Kwa nini? Kwa sababu nguvu ya mgongano inaweza kugeuka uzito. Ni kama ugonganishe maembe mawili, na badala ya vipande vya embe lidondoke fenesi! Ndivyo ilivyopatikana chembe ya Higgs mwaka 2012, nzito kuliko protoni mara 133 hivi. Huvunjika papo hapo. Wataalamu huitambua kwa vipande inavyoacha. Tangu hapo hawajapata chembe nyingine mpya ya msingi.

Kama zipo nzito zaidi, zinataka nguvu zaidi. Mmeona lori la chakula likiingia kona kali kwa kasi? Si litaanguka? Na protoni ni hivyo hivyo: ukizidisha nguvu, sumaku zinashindwa kuzikunja zifuate duara, basi inabidi duara lipanuliwe. Ndiyo sababu ya kilometa 91. Nguvu ingepanda kama mara 6.

Hatua ya kwanza, ya kugonganisha elektroni, imekadiriwa kugharimu faranga za Uswisi bilioni 15. Hapo tulinyamaza, tukifikiria posho. Tena hakuna anayeahidi kwamba kitu kitapatikana. Mwenzetu mmoja akasema ni hasara tupu. Mwingine akamkumbusha kwamba wavuti, tunaotumia kutafuta ndugu waliopotea, ulibuniwa CERN mwaka 1989, na hakuna aliyekuwa ameuagiza. Hatujapatana hadi leo.

Uamuzi wa kujenga unatazamiwa mwaka 2028. Protoni zitaanza miaka ya 2070. Mtoto aliyezaliwa kambini mwezi huu atakuwa na miaka zaidi ya 40.

Mwenye swali jingine alilete ofisini kabla ya tarehe 20.