Kompyuta ya zamani imekufa? Usiitupe kabla hujatoa mafaili yako

Katika nyumba nyingi za Gikondo kuna kompyuta iliyolala chini ya kitanda au juu ya kabati. Nyingine ilivuka mpaka pamoja na mwenyewe kutoka Bujumbura, Uvira, Bukavu au Goma. Nyingine ni ya jirani Mnyarwanda ambaye maji ya mvua yalimfikia pale bondeni. Haiwaki tena, au inawaka na kukwama, na kila mara mtu huuliza: tuitupe, au tumpe anayenunua vyuma chakavu?

Ndugu msomaji, kabla hujaitoa, jiulize kilichomo ndani. Pengine kuna nakala ya diploma yako ya serikali, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya kazi ya zamani, au picha za watu ambao hutawaona tena. Mtu aliyekimbia mara nyingi hana karatasi yenyewe, na nakala iliyo ndani ya kompyuta ndiyo pekee iliyobaki duniani.

Habari njema ni kwamba kompyuta ikifa, mafaili hayafi nayo mara moja. Lakini ukibonyeza kitufe kibaya siku ya kwanza, unaweza kuyapoteza. Makala hii inaeleza jinsi ya kuyatoa ukitumia kompyuta nyingine, hata kama inatumia mfumo tofauti.

Diski ni kitu kimoja, kompyuta ni kitu kingine

Mafaili hayakai kwenye skrini wala kwenye kibodi. Yanakaa kwenye diski, ambayo kwa kompyuta nyingi za zamani ni kisanduku bapa kinachoweza kutolewa. Skrini ikivunjika, chaji ikigoma au Windows ikikataa kufunguka, mara nyingi diski yenyewe ni nzima. Unaitoa, unaiunganisha na kompyuta nyingine kwa kebo, na inaonekana kama vile umechomeka flashi kubwa.

Kwanza jua diski yako ni ya aina gani:

- Diski ya laptopu ya zamani ina upana wa sentimita 7 na urefu wa sentimita 10 hivi. Hii inapata umeme wake kupitia USB.
- Diski ya kompyuta ya mezani ni kubwa zaidi, karibu sentimita 10 kwa 15. Hii inahitaji umeme wa ziada, kwa hiyo kebo yake lazima iwe na adapta ya kuchomeka ukutani.
- Kompyuta za zamani sana zina diski yenye safu mbili za pini nyembamba (IDE). Za baadaye zina midomo miwili bapa bila pini (SATA). Kebo zake ni tofauti, hivyo nenda dukani na diski yenyewe mkononi.
- Laptopu mpya nyingi zina kipande chembamba kama ubani wa kutafuna, kilichofungwa kwa skrubu moja (M.2). Hiki kinahitaji kasha lake maalumu la USB.
- Kompyuta nyingine ndogo za bei nafuu, na Mac nyingi za miaka ya karibuni, zina hifadhi iliyounganishwa moja kwa moja na bodi. Hiyo haitolewi. Kama kompyuta ni ya Windows na bado inawaka, tumia njia ya flashi iliyoelezwa chini.

Hatua kwa hatua

1. Zima kompyuta, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Gusa kitu cha chuma kwanza ili mwili wako usipeleke umeme mdogo kwenye diski.
2. Fungua kifuniko cha chini, toa skrubu za diski, kisha ivute taratibu kwa upande. Usiivute kwa nguvu kwenda juu.
3. Iunganishe na kebo, halafu chomeka USB kwenye kompyuta nzima. Iweke mahali tambarare na usiisogeze ikiwa inafanya kazi.
4. Subiri dakika moja au mbili. Fungua mahali panapoonyesha diski zote za kompyuta.
5. Kwenye diski ya Windows, tafuta folda inayoitwa Users, au Utilisateurs kama kompyuta ni ya Kifaransa. Ndani yake kuna jina lako, na ndani ya jina kuna nyaraka, picha na vitu ulivyopakua. Kama ilikuwa Windows XP, folda hiyo inaitwa Documents and Settings.
6. Nakili kwenda kwenye kompyuta mpya au diski nyingine. Usihamishe. Kunakili kunaacha faili la asili mahali pake. Kuhamisha kunaliondoa, na umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na nusu.

Anza na nyaraka, kisha picha, kisha video na muziki. Diski ikikata roho njiani, angalau diploma imeshatoka. Kwa kebo ya USB ya zamani, gigabaiti 100 huchukua karibu saa nzima, kwa hiyo hakikisha chaja imechomekwa.

Kama unanakili kwenye flashi na video kubwa inakataa ingawa nafasi ipo, huenda flashi imeandaliwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Tumia flashi iliyoandaliwa kwa exFAT.

"Diski hii inahitaji kuandaliwa upya": usikubali

Hapa ndipo watu wengi hupoteza kila kitu. Unachomeka diski, kompyuta inatoa ujumbe kwamba haiwezi kuitumia mpaka iandaliwe upya, na chini kuna neno Format au Formater. Bonyeza Cancel au Annuler. Ukibonyeza lile la kwanza, unaiambia kompyuta ifute orodha ya mafaili yako.

Ujumbe huo mara nyingi hauna maana kwamba diski imeharibika. Maana yake ni kwamba mfumo huu hausomi lugha ya diski hiyo. Kila mfumo una namna yake ya kupanga mafaili:

- Windows hutumia NTFS. Ubuntu na mifumo mingine ya Linux huisoma na kuiandika. Mac huisoma tu, na kwa kunakili hiyo inatosha.
- Linux hutumia zaidi ext4. Ukiichomeka kwenye Windows ya kawaida, haionekani au unaambiwa uiandae upya. Isomee kwenye kompyuta yenye Linux.
- Mac hutumia HFS+ au APFS. Windows haisomi hizi bila programu ya ziada. Rahisi zaidi ni kutafuta mtu mwenye Mac.

Kwa hiyo kompyuta moja ikisema haiwezi, usikate tamaa. Jaribu ya mfumo mwingine kabla ya kuamini kwamba mafaili yamepotea.

"Huna ruhusa" na diski iliyofungwa kwa ufunguo

Wakati mwingine diski inafunguka, lakini folda yenye jina lako inasema huna ruhusa. Hiyo ni kwa sababu kompyuta mpya haikujui kama mwenye folda. Kwenye Windows, ukiwa na akaunti ya msimamizi, bonyeza Continue au Continuer, kisha subiri. Kwa folda kubwa inaweza kuchukua muda mrefu. Neno la siri ulilokuwa ukiandika wakati wa kuwasha halizuii kazi hii.

Diski iliyofungwa kwa BitLocker ni jambo jingine. Hapo mafaili yenyewe yamegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka, na unaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kama ulitumia akaunti ya Microsoft kwenye kompyuta hiyo, ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu na utafute ufunguo wa kurejesha. Kama ilikuwa kompyuta ya kazini au shuleni, ufunguo unaweza kuwa kwa waliokupa. Bila ufunguo hakuna fundi anayeweza kuifungua, na anayekuahidi hivyo kwa malipo ya awali anataka pesa yako.

Hata kama kompyuta yako leo ni nzima, tafuta ufunguo huo sasa na uuandike kwenye karatasi. Laptopu nyingi mpya zinafunga diski zenyewe bila mwenyewe kujua.

Kama kompyuta inawaka lakini Windows haifunguki

Huna haja ya kutoa diski. Kwenye kompyuta nyingine, mtu akuandalie flashi ya Ubuntu, ambayo ni bure. Ichomeke kwenye kompyuta mgonjwa, iwashe, na uchague kuanza kwa flashi (kitufe huwa F12, F9 au Esc kutegemea kampuni). Ukiulizwa, chagua kujaribu Ubuntu, si kuisakinisha. Kusakinisha kunaweza kufuta kilichomo.

Ubuntu itaendeshwa kutoka kwenye flashi na kukuonyesha diski yako. Kama Windows haikuzimwa vizuri, inaweza kuifungua kwa kusoma tu. Usijali, kwa sababu unachotaka ni kunakili, si kuandika. Chomeka flashi ya pili au diski ya nje na uhamishie nakala huko.

Njia hii inafaa pia kwa wenye kompyuta za Windows 10. Microsoft iliacha kuitolea maboresho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wanabadili kwenda Linux au mfumo mpya. Nakili mafaili kwanza, badilisha mfumo baadaye.

Lini usimame

Diski inayozunguka ikitoa sauti ya kugongagonga, au ya kukwaruza, ichomoe mara moja. Kila dakika ya ziada inaweza kuikwangua zaidi. Usiitikise, usiipige, usiiweke kwenye friji.

Kama inasoma polepole sana na kukwama hapa na pale, usiendelee kuilazimisha. Mtaalamu anaweza kuchukua nakala ya diski nzima kwa programu kama ddrescue, ambayo huanza na sehemu nzima na kuacha zilizoharibika mpaka mwisho.

Kama ilipata maji, usiichomeke kujaribu. Wanaoishi karibu na bonde la Gikondo wanajua jinsi maji yanavyopanda wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Diski iliyolowa ikiwashwa inaweza kuungua. Usiianike juani, usiikaushe kwa mashine ya nywele, na usifungue kile kisanduku chenyewe. Vumbi kidogo tu ndani linatosha kuiharibu.

Na kama diski yako ni ya SSD, ile isiyozunguka, usiiache miaka mingi bila umeme ukidhani iko salama. Inaweza kupoteza ilichohifadhi pole pole.

Mpe fundi kazi, usimpe siri zako

Kwa mkimbizi hili ni zito kuliko bei ya kebo. Ndani ya diski kunaweza kuwa na maelezo uliyoandika kuhusu sababu ya kukimbia, majina ya ndugu waliobaki nyumbani, au picha ambazo mikononi mwa mtu mbaya zinaweza kumletea mwingine hatari.

- Kaa pale fundi anapofanya kazi. Kama haiwezekani siku hiyo, rudi siku nyingine.
- Njoo na diski au flashi yako mwenyewe ya kupokea nakala. Mafaili yasipitie kwenye kompyuta ya duka. Kama yamepita, omba yafutwe mbele yako.
- Patana bei kabla hajafungua skrubu, na mwambie wazi: "Usiandae upya diski, usisakinishe kitu, nakili tu."
- Ondoka na diski yako ya zamani, hata kama ameiita mbovu.

Rwanda ina Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inayolinda taarifa za mtu binafsi na faragha. Sheria hiyo inazungumzia mtu, haisemi raia peke yake. Una haki ya kuuliza taarifa zako zinakwenda wapi.

Baada ya kunakili

Fungua mafaili machache kwenye kompyuta mpya uone kama yanasomeka. Kisha weka nakala sehemu mbili: moja kwenye diski au flashi, nyingine kwa ndugu unayemwamini au kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye neno la siri zuri. Nakala iliyo mahali pamoja tu inaweza kupotea kwa moto, mafuriko au wizi wa siku moja.

Nakala ya cheti haichukui nafasi ya cheti chenyewe. Hata hivyo, ina namba, tarehe na jina la shule au ofisi iliyokitoa, na hayo ndiyo unayoulizwa unapoomba kingine. Ukiona karatasi inayohusu kesi yako ya ukimbizi, ipeleke mwenyewe kwa wanaohusika. Huduma za UNHCR ni bure, na hakuna wa kulipwa ili akupelekee.

Diski ya zamani iweke mpaka uwe na uhakika kwamba kila kitu kimetoka. Baada ya hapo, usiitupe jalalani wala kumpa mnunuzi wa vyuma ikiwa bado na mafaili. Ifute kabisa, au iharibu, kisha mabaki yapelekwe kwenye ukusanyaji wa taka za elektroniki. Rwanda ina kiwanda cha kuzishughulikia huko Bugesera, kinachoendeshwa na Enviroserve Rwanda.

Kama una kompyuta ya namna hiyo nyumbani, anza wiki hii. Na kama jirani yako anataka kuiuza yake kwa kilo, mwulize kwanza kama ametoa picha zake.