Dipoziti ya safari: Kabla ya kulipa, uliza kama inarudi

Vikundi vya akina mama, vyama vya akiba na familia kadhaa za Mwingi hufunga safari ya Mombasa au Diani likizo ya Aprili, baada ya pojo kuvunwa na kuuzwa. Lakini hoteli na mabasi hutaka dipoziti mapema, mara nyingi mazao yakiwa bado shambani. Mvua ya Novemba na Desemba ikikatika mapema, mavuno hupungua na safari huahirishwa. Hapo ndipo swali huzuka: je, pesa zilizolipwa zitarudi?

Jibu hutegemea aina ya dipoziti. Ile inayorejeshwa humruhusu mteja kufuta safari kabla ya tarehe iliyowekwa na kurudishiwa pesa zake, zote au baada ya makato. Isiyorejeshwa hubaki kwa mwenye hoteli hata mteja asiposafiri. Ili wateja waichague hii ya pili, hoteli nyingi hupunguza bei. Kampuni za meli za kitalii nazo hutumia mtindo huo huo.

Chukua mfano wa chama cha watu 20 kinachotaka kulala Pwani siku mbili. Kwa Sh4,000 kila mtu kwa usiku, dipoziti ikiwa ya kurejeshwa, gharama ni Sh160,000. Kwa bei iliyopunguzwa ya Sh3,500, gharama ni Sh140,000, lakini dipoziti ya asilimia 30, yaani Sh42,000, hairudi. Chama kikisafiri, kimeokoa Sh20,000. Kisiposafiri, kimepoteza Sh42,000. Kwa hivyo, ikiwa safari moja kati ya tatu huvunjika, faida ya safari mbili zilizofanikiwa huliwa yote na hasara ya ile moja.

Basi, bei nafuu inamfaa aliye na pesa mkononi na tarehe isiyobadilika. Anayesubiri mavuno, karo ya watoto au ruhusa ya kazini afadhali alipe zaidi kidogo.

Kabla ya kulipa, wakazi wanashauriwa kuuliza mambo manne na kupata majibu kwa maandishi:

1. Siku ya mwisho ya kufuta safari ni ipi, na baada yake kiasi gani hukatwa?
2. Pesa hurudishwa taslimu, au mteja hupewa nafasi ya kusafiri siku nyingine?
3. Je, tarehe au jina la msafiri linaweza kubadilishwa bila malipo?
4. Hoteli au basi likishindwa kutoa huduma, mteja atarudishiwa nini?

Vyama navyo viandike katika kumbukumbu za mkutano ni nani atakayebeba hasara mwanachama akijiondoa. Katika mfano huu, sehemu ya kila mmoja ni Sh2,100. Kiasi hicho kisipozungumzwa mapema kinaweza kuvunja chama.

Malipo yafanywe kwa nambari ya biashara ya M-Pesa yenye jina la hoteli au kampuni, si kwa simu ya mtu binafsi, na risiti ihifadhiwe. Kutuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ni njia ya kuomba pesa zilizotumwa kimakosa zirudishwe. Haimalizi mgogoro wa dipoziti. Pia, mteja aombe kuonyeshwa leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii (TRA), ambayo hutoa leseni kwa hoteli na kampuni za utalii.

Sheria haimwachi mteja peke yake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma, na fidia anapopata hasara kwa sababu ya kasoro ya huduma hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mteja kuhusu masharti ya mauzo. Mgogoro wa pesa usiozidi Sh1,000,000 unaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kisheria hutakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60.

Hata hivyo, aliyekubali kwa hiari dipoziti isiyorejeshwa, akiwa ameelezwa wazi, atapata shida kuidai. Ulinzi wa kwanza ni kusoma masharti kabla ya kubonyeza nambari ya siri.