Bebas Neue: herufi nyembamba zinazobeba bei yako

Swali linalokuja sana inboksi: "Bei nimeiandika kwenye picha, mbona wateja bado wanauliza bei gani?" Mara nyingi shida ni mwandiko.

Leo tuangalie fonti moja, Bebas Neue. Ilichorwa na Mjapani Ryoichi Tsunekawa, ikatoka mwaka 2010. Ni ya bure hata kwa matangazo ya biashara, ipo Google Fonts.

TABIA YAKE
Haina herufi ndogo, kila unachoandika kinatoka kwa herufi kubwa. Ni ndefu, nyembamba, imenyooka, haina mikia. Ukipita Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga, angalia majina ya kanga: herufi kubwa, wazi, mstari mmoja. Yanasomeka hata kwa mbali. Tangazo lako lina kazi hiyohiyo, maana mteja analiona dogo kama kiberiti, yuko ndani ya mwendokasi, kidole kinapandisha tu.

Halafu maneno yetu ya Kiswahili ni marefu. TUNASAFIRISHA MIKOANI kwa fonti pana inabidi uikate mistari miwili au uipunguze. Kwa hii inakaa mstari mmoja na bado inaonekana.

KWA NINI NASISITIZA
Jirani yangu hapa Mtaa wa Congo anauza magauni. Bei aliiandika kwa ule mwandiko wa kujikunja. Mteja wa Dodoma akasoma 31,000 kama 21,000, akatuma hela. Yakaanza mabishano. Mwisho dada wa watu akaachia mzigo ili asichafuliwe jina kwenye komenti. Elfu kumi imeondoka kwa sababu ya mkia wa namba.

ITUMIE HAPA
✅ Bei
✅ Jina la bidhaa: VIATU VYA SHULE
✅ Maneno mawili matatu ya kuita: MZIGO MPYA, BEI YA JUMLA

USIITUMIE HAPA
❌ Maelezo marefu. Herufi kubwa tupu zinachosha macho. Saizi, rangi na masharti andika kwa fonti ya kawaida yenye herufi ndogo.
❌ Kodi za bidhaa zenye herufi na namba. O na 0 zinafanana sana humu, mteja ataagiza kitu kingine.
❌ Jina la duka la manukato au nguo za harusi. Fonti hii ina sauti ya kibabe, inakaa vizuri kwenye viatu, simu na spea.

Ukishaiweka, achanisha herufi kidogo zisibanane, na usiilaze juu ya picha yenye maua mengi. Weka rangi moja nyuma yake.

Kabla ya kuposti, nyoosha mkono na simu yako, punguza mwanga. Kama bei huioni haraka, mteja naye hataiona. Ongeza ukubwa, ndipo uposti.