Fuko na panya buku: linda tunguu zako

Familia zinazorudi Mutakura, kule kaskazini mwa Bujumbura, zinakuta parseli ndogo, nyumba zimebanana, na kipande cha kulima kama upana wa mikeka miwili. Hapo ndipo mama anapanda vitunguu na teke, na pembeni gladioli za kuuza wakati wa harusi. Mvua za mwezi wa kumi zikishika, unapanda. Asubuhi moja unakuta majani yamelala. Ukivuta, chini hakuna kitu! Na pesa ya mbegu ilikuwa ya kukopa.

Kwanza tujue mwizi ni nani. Fuko haonekani, anasukuma udongo juu na shimo analiziba. Panya buku anatoka usiku, shimo lake liko wazi, na chakula anakibeba mashavuni kwenda kuweka akiba. (Ni wa jamii moja na Magawa, yule panya aliyefundishwa Morogoro kunusa mabomu, akapewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Bustanini lakini, hana heshima hiyo.) Ukimshuku fuko, toboa njia yake, urudi kesho: ikiwa imezibwa, basi yumo.

Dawa ya panya sisi hatuipendi hata kidogo, parseli ina watoto na kuku. Afadhali mkebe wa bati wa mafuta ya kupikia, ule wa lita 4. Kata juu, toboa chini kwa msumari ili maji yapite, ponda makali yasije yakakata mtu. Uzike, mdomo ubaki juu ya udongo vidole vitatu, ujaze udongo na samadi, upande ndani. Bidoni la plastiki siyo sana, wanalitafuna. Mwenye wavu wa chuma wa matundu madogo ashone kikapu. Panya buku anaweza kuingilia juu, kwa hiyo funika kwa miiba mpaka majani yatokee.

Amarili kwa kawaida wanaiacha, maana ina sumu. Lakini hapo kuna hatari nyingine, akina mama: tunguu lake linafanana kabisa na kitunguu, na likiingia kwenye sufuria watu watatapika. Lisikae jikoni. Liweke kwenye mfuko wake, andika jina, ulitundike mahali ambapo mtoto hafiki.