Ujumbe wa Simu Hufikaje?



Mwenzetu wa Gitega akimtumia mwenzake wa Muyinga habari ya mkutano kwa simu, ujumbe hupita kwanza kwenye kompyuta ya kati. Simu ya Muyinga ikiwa imezimwa, kompyuta hiyo huuhifadhi. Kila ujumbe una namba yake. Simu ikishapokea hurudisha stakabadhi. Isiporudi, ujumbe hutumwa tena, na namba ileile huzuia usionekane mara mbili. Kanuni za namna hii huitwa itifaki. Mojawapo, Jabber, ilitangazwa na Jeremie Miller wa Marekani mwaka 1999. Mwaka 2004 ikawa kanuni ya wazi, XMPP, isiyomilikiwa na kampuni moja.

Lakini stakabadhi ya simu si jibu la mtu. Tukiitana kwa jambo la mshahara, tungoje mwenzetu ajibu.