Mgeni asiyepewa jembe: wastaafu wa Thailand na sigara ya umeme

Mchukue mzee wa Kiingereza wa miaka 67, aliyefanya kazi ya posta maisha yake yote, ambaye sasa amechoka na baridi ya kwao na anataka kumalizia umri wake penye jua. Anapanda ndege London, anashuka Bangkok. Katika mkoba wake mna barua ya benki inayoshuhudia kwamba anazo fedha za kutosha. Katika mfuko wa shati mna kijisigara cha umeme, kile ambacho vijana wetu hukiita vepu, alichoshauriwa kwao akitumie ili aache tumbaku. Ile barua ndiyo inayomfungulia mlango wa Thailand. Kile kijisigara, kikikutwa na mtu wa forodha, chaweza kumpeleka gerezani.

Wazungu wazee wa namna hii sisi wa mwambao tunawafahamu, maana Malindi na Watamu tumekaa nao miaka mingi. Lakini huko Thailand ugeni wao umepimwa kwa mizani ya sheria, ratili kwa ratili, na msomaji akiutazama kwa makini ataona mambo ya kustaajabisha.

Thailand humkubali mstaafu wa kigeni aliyetimiza miaka 50. Sharti kubwa ni mali. Ama awe na baht 800,000 katika benki ya huko, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni tatu za Kenya, ama awe na pato la baht 65,000 kila mwezi, ama achanganye hili na lile mpaka hesabu ya mwaka itimie 800,000. Na hizo fedha za benki si za kuonyeshwa tu kisha zikarudishwa kwa mwenyewe. Yapasa ziwe zimelala katika hesabu yake miezi miwili kabla ya kuomba, zikae miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na kisha zisishuke chini ya 400,000 mwaka mzima. Ni mali anayoitazama kwa macho. Akiugua mwezi wa pili, fedha anazo, lakini akizigusa amelivunja sharti linalomweka nchini. Ndiyo maana wamezuka mawakala ambao, kwa malipo, humwekea mzee fedha za kukopa katika hesabu yake ili zionekane, kisha wakazitoa. Jambo hilo ni haramu kwa sheria ya huko, na hufanyika.

Anayeomba viza hiyo akiwa bado kwao hutakiwa pia hati ya polisi kwamba hana makosa, na cheti cha daktari kwamba hana ukoma, kifua kikuu, matende, kaswende iliyokomaa wala uraibu wa madawa ya kulevya. (Matende! Wazee wetu wangapi wa mwambao zamani wangerudishwa mlangoni.) Tangu Oktoba 2019 huongezewa na bima ya matibabu, nayo mtu kadiri anavyozeeka ndivyo makampuni yanavyomkimbia.

Akishayatimiza yote hayo, hupewa mwaka mmoja. Kila baada ya siku 90 lazima aiarifu afisi ya uhamiaji anakaa wapi, na mwenye nyumba naye anapaswa kuandikisha ndani ya saa 24 kwamba amepata mgeni. Mwaka ukiisha huanza tena alifu: barua ya benki, picha, nakala za pasipoti, foleni. Hata mtu akae miaka ishirini, azae, azike rafiki zake huko, kwa viza hii yeye ni mgeni wa mwaka mmoja tu.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime. Mzee huyu hata akilitaka jembe hapewi. Viza ya kustaafu inamkataza kazi ya aina yoyote, na isitoshe Thailand ina orodha ya kazi zilizohifadhiwa kwa wananchi, iliyotangazwa mwaka 1979 ikiwa na kazi 39. Siku hizi imelegezwa hapa na pale, lakini mambo kama kunyoa nywele na kukanda mwili kwa mtindo wa Kithai yangali ya Wathai peke yao. Fundi mstaafu aliyemtengenezea jirani bomba kwa ujira amefanya kazi pasipo kibali.

Ardhi nayo hawezi kuimiliki. Akitaka kiwanja cha kujenga hukodi kwa miaka 30, au, na hili ndilo hutokea sana, huoa na kiwanja kikaandikwa kwa jina la mke. Tunaambiwa hadithi nyingi za waliofukuzwa katika nyumba walizojenga kwa jasho lao. Lakini tusimsahau yule mke. Mzee akifa, zile baht 800,000 alizoziweka kwa ajili ya viza zimo katika hesabu yenye jina lake, na benki haizitoi mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Mjane hungoja, na gharama za maziko hazingoji.

Kuna jambo jingine linalomsumbua Mwingereza hasa, nalo ni pensheni yake. Serikali ya Uingereza huongeza pensheni ya taifa kila mwaka kwa anayekaa nyumbani, na kwa anayekaa katika nchi chache zenye mapatano nayo. Thailand haimo. Aliyehamia huko hupokea kiasi kile kile alichoanza nacho mpaka afe. Kenya nayo haimo. Ufilipino imo, kwa hivyo wazee wawili waliostaafu siku moja, mmoja akahamia Manila na mwenzake Bangkok, baada ya miaka kumi hawalingani tena. Na thamani ya pauni imeporomoka. Kiasi cha mwaka 2007 pauni moja ilibadilishwa kwa baht zaidi ya 60. Miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka penye arubaini na kitu. Sharti la 65,000 limebaki pale pale. Zamani ubalozi ulimwandikia barua ya kuthibitisha pato lake. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 balozi za Uingereza, Marekani na Australia zimeacha kuandika barua hizo, na sasa mzee hana budi kuonyesha fedha zenyewe zikiingia benki mwezi baada ya mwezi. Waliokuwa wakiongeza chumvi kidogo walijikuta hadharani.

Sasa tuje kwenye moshi, au tuseme mvuke. Mwaka 2014 Wizara ya Biashara ya Thailand ilipiga marufuku kuingiza sigara za umeme nchini. Mwaka 2015 halmashauri ya kuwalinda watumiaji ikapiga marufuku kuziuza. Kisha ikaja Sheria ya Forodha ya mwaka 2017, inayosema kuwa anayepokea au kuweka mali iliyoingizwa kinyume cha sheria aweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini ya mara nne ya thamani ya mali hiyo pamoja na ushuru wake. Hivyo shtaka analosomewa mvutaji aghalabu si la kuvuta. Ni la kukutwa na magendo. Kijisigara cha dola ishirini na shehena ya jahazi zima vimo katika kifungu kimoja.

Na huku sigara za kawaida zinauzwa kila duka, nyingine zikitengenezwa na shirika la tumbaku la serikali yenyewe! Fauka ya hayo, mwezi wa Juni 2022 Thailand iliiondoa bangi katika orodha ya madawa ya kulevya, maduka yake yakachipuka kama uyoga katika kila mtaa wa watalii, mpaka Juni 2025 serikali ilipoirudisha chini ya cheti cha daktari. Kwa miaka mitatu, basi, mzee wetu aliweza kupita akinunua bangi mchana kweupe, lakini kile alichopewa ili aache tumbaku akakificha ndani ya soksi. Maana kwao Uingereza, mwaka 2023, serikali ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja sigara za umeme ili waache za moto. Matabibu wa Thailand nao wana hoja yao, tena si dhaifu: nikotini ni nikotini, na kifaa chenye ladha ya embe na rangi za pipi hakikutengenezwa kwa ajili ya mzee wa posta. Kimetengenezwa kwa ajili ya mtoto wa shule. Mimi nawaunga mkono kwa hilo.

Nisilowaunga mkono ni sheria kali isiyoshika kwa usawa. Vifaa hivyo vimekuwa vikiuzwa Bangkok kwenye meza za vichochoroni miaka yote hii. Sheria ya namna hiyo huwa mfuko wa pili wa askari. Januari 2023 mwigizaji mmoja wa kike kutoka Taiwan alisimamishwa usiku na polisi wa Bangkok, ikaonekana ana sigara ya umeme, na hakuachiliwa mpaka zilipotoka baht 27,000. Alipofika kwao akasema. Habari ikazagaa dunia nzima, wakubwa wa polisi wakakanusha kwanza kisha wakakubali, na askari waliohusika wakachukuliwa hatua. Yule alikuwa mtalii mwenye jina, aliyekwisha kurudi kwao. Mstaafu hana nafasi hiyo. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1979 inaipa serikali uwezo wa kuifuta ruhusa ya mgeni, na yeye mke wake yuko huko, nyumba iko huko, na zile fedha zisizoguswa ziko huko. Akisimamishwa barabarani hulipa, akanyamaza. Mapema mwaka 2025, chini ya serikali ya Paetongtarn Shinawatra iliyoondoka madarakani Agosti mwaka huo huo, msako ulikazwa nchi nzima, na bei ya kunyamaza bila shaka nayo ikapanda.

Majirani wa Thailand kila mmoja ana mkondo wake. Singapore imekataza hata kumiliki tangu Februari 2018, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 mgeni anayerudia kosa aweza kunyang'anywa kibali cha kukaa, akasafirishwa kwao na kuzuiwa kurudi. Huko angalau kila mtu anajua, na askari hapokei kitu. Ufilipino imeziruhusu kwa sheria ya mwaka 2022 kwa waliotimiza miaka 18, nayo ina mamlaka maalum ya wastaafu wa kigeni tangu mwaka 1985. Ukitaka mahali ambapo pensheni ya Mwingereza huongezwa na mvuke wake haumtii jela, ni hapo.

Malaysia itampendeza zaidi msomaji wa ukurasa huu, kwani ni nchi ya adhana. Mpango wake wa kuwakaribisha wageni wenye uwezo, uitwao kwa maana "Malaysia nyumba yangu ya pili", ulianza mwaka 2002 na kuwavuta Wachina, Wajapani, Waingereza na Wabangladesh wengi. Mwaka 2021 masharti yalipandishwa ghafula hata ikatakiwa amana ya ringgit milioni moja. Mwaka 2024 yakagawanywa daraja tatu, ya chini kabisa ikiwa na amana ya dola 150,000. Ama kuhusu mvuke, baraza la fatwa la taifa, ambalo lilikwisha kuiharamisha sigara mwaka 1995, liliharamisha na sigara ya umeme Desemba 2015. Lakini fatwa ni kitu kimoja na duka ni kitu kingine. Sheria ya nchi, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inaruhusu biashara hiyo kwa masharti, huku majimbo kama Johor na Kelantan yakikataa kuwapa wauzaji leseni. Mvutaji akivuka mpaka wa jimbo kwa basi hujikuta katika sheria nyingine, ilhali fatwa ni ile ile.

Na wafanyabiashara wetu waendao Bangkok kuchukua nguo na vito wanafaa walijue hili kabla ya kufunga masanduku. Forodha haimuulizi mtu umri wala kabila.

Hapa kwetu, kanuni za uhamiaji za mwaka 2012 ziliweka kibali cha mkaazi wa kawaida: awe ametimiza miaka 35, awe na pato la hakika la dola 24,000 kwa mwaka kutoka nje, na asifanye kazi ya ujira. Zigawe kwa miezi kumi na miwili, utapata dola 2,000, ambazo ni karibu sawasawa na zile baht 65,000 za Thailand. Tangu Katiba ya 2010 mgeni hamiliki ardhi ila kwa kukodi, miaka isiyozidi 99. Ni mara tatu na zaidi ya kipimo cha Thailand, na Waitaliano wa Malindi, ambao wenzao walikwisha kurusha vyombo vya angani kutoka Ngomeni tangu mwaka 1967, wameitumia vyema.

Kuhusu mvuke, Sheria ya Tumbaku ya mwaka 2007 haikuitaja sigara ya umeme kwa jina, maana ilikuwa haijatufikia. Sheria ya ushuru ya mwaka 2015 ndiyo iliyoitaja, ili iitoze kodi. Shisha ndiyo iliyopigwa marufuku, Desemba 2017, hali kiko cha maji chenye bori na digali mababu zetu walikijua kabla ya afisi ya uhamiaji kujengwa. Januari 2024 mahakama ya Shanzu iliwaachilia watu walioshtakiwa kwa shisha, kwa hoja kwamba kanuni za katazo hilo hazikuwahi kupelekwa Bungeni. Kwa hivyo Mtaliano wa Malindi aweza kukaa barazani jioni na mvuke wake, akiwa amelipa ushuru na kutulia, na kijana wa mtaa wa pili, mwenye nchi, akawa anachungulia dirishani kwanza kabla ya kutia makaa.